Kupitia kwa nani? Kisa cha wauguzi 11 wa mkataba na barua iliyokosa mwajiri

Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yalitokea mwaka 2025 katika kituo kimoja cha afya cha serikali, mkoani Dodoma. Jina la kituo, halmashauri yake na mashirika yaliyohusika nimeyaacha. Maelezo ya watu wawili watatu nimeyabadilisha, na baadhi ya tarehe na idadi nimezisogeza kidogo. Mimi niliitwa kuwashauri wiki ya tano baada ya barua za kusitishiwa mikataba kutoka, kwa hiyo ya kabla ya hapo nayasimulia kama nilivyosimuliwa, pamoja na nyaraka nilizokuta ndani ya bahasha ya kaki iliyochakaa kwa kufunguliwa. Nimeyaandika kwa ajili ya viongozi wa matawi na wauguzi walio kwenye mikataba ya miradi.

Mazingira

Kituo kipo kando ya barabara ya vumbi, kwenye eneo la wakulima wa mtama na alizeti na wafugaji. Kliniki ya tiba na matunzo, ile tunayoiita CTC, ilifanya kazi siku tatu kwa wiki, na siku yake kubwa ilikuwa siku ya mnada. Ilipangwa hivyo kwa makusudi. Mteja anayeishi na VVU kijiji cha mbali hupata usafiri siku ya mnada, na akiulizwa njiani anakwenda wapi, jibu analo. Kliniki ikihamia siku nyingine anakosa gari na anakosa pia cha kusema.

Wauguzi wa serikali walikuwa pungufu ya ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, kwa miaka mingi. Pengo lilizibwa na wauguzi 11 wa mkataba waliolipwa na mradi uliotegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003. Fedha hizo zilishuka kwa ngazi: shirika kubwa, kisha shirika dogo la hapa nchini, kisha wakala wa ajira aliyelipa mishahara. Kitambulisho cha kifuani kilikuwa na nembo ya halmashauri. Zamu zilipangwa na muuguzi mfawidhi wa kituo, likizo ilisainiwa na mratibu wa mradi, na usimamizi wa kazi ulifanywa na ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Kwa miaka mitano hakuna aliyeuliza mwajiri hasa ni nani. Mshahara ulikuwa unaingia.

Kazi yao haikuishia CTC. Wawili walikuwa kliniki ya mama na mtoto wakihudumia wajawazito wenye VVU, mmoja alishughulika na sampuli za kupima wingi wa virusi, wengine walifuatilia watoro wa dawa kwa pikipiki. Mmoja, mama wa miaka 51 mwenye cheti tu, alikaa chumba cha ushauri nasaha kwa sababu alikuwa mwenyeji na alizungumza Kigogo. Bibi aliyeingia akiwa amejikunyata alipokewa kwa "Mbukwenyi", na mazungumzo yakaanza. Huyu mama nitarudi kwake.

Januari na Februari

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye mratibu wa mradi aliandika kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu zangu, kaeni nyumbani msubiri maelekezo." Hapakuwa na barua. Mwanzoni mwa Februari serikali ya Marekani ilitoa ruhusa ya huduma za VVU zinazookoa maisha kuendelea, na watu wakadhani wanarudi kazini. Pale kituoni dawa ziliendelea kuwepo. Wauguzi hawakurudishwa.

Katikati ya Februari kila mmoja alipata barua ya ukurasa mmoja: kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, mkataba wako umesitishwa kuanzia tarehe ya barua hii. Mikataba yenyewe ilikuwa imalizike tarehe 30 Septemba, mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani. Hawakupewa notisi wala hawakuitwa kwenye kikao.

Hapa sheria inasema waziwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa ya nia hiyo mapema, atoe maelezo yote yanayohusika, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya nani aondoke, na malipo. Kifungu cha 41 kinataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au alipwe badala yake. Fedha kukatwa ghafla kutoka ng'ambo ni sababu inayoeleweka, lakini haifuti wajibu wa kuita watu na kuzungumza nao. Na anayetaka kupinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Wale 11 hawakulijua hata moja kati ya haya, na siku zilikuwa zinahesabika.

Safari ya Mtumba

Ukiwa Dodoma serikali nzima unaiona iko jirani. Mji wa Serikali wa Mtumba upo pale pale, wizara zimepangana. Kwa hiyo wazo la kwanza likawa lile ambalo lingemjia mtu yeyote: twende juu.

Walimchagua mwenzao awaongoze, muuguzi mwenye stashahada ambaye hapa nitamwita Sista M. Aliandika barua nzuri, kurasa mbili, akieleza idadi ya wateja na hatari ya watu kuacha dawa. Wakasaini wote 11, wakachanga nauli, wakapanda Hiace watano wakiwa wamevaa sare nyeupe. Katika ofisi ya kwanza dada wa masjala aliipokea barua, akaisoma mwanzo, akaigeuza kutazama nyuma kama vile kuna kitu kimesahaulika huko.

"Dada zangu, hii inapitia kwa nani?"

Sista M. akasema kwa mganga mkuu wa wilaya. Yule dada akauliza kwa upole kama mganga mkuu ndiye mwajiri wao. Wakatazamana. Mmoja akasema mwajiri ni halmashauri, akaonyesha kitambulisho. Mwingine akasema mradi. Wa tatu akakumbuka kwamba kwenye karatasi ya mshahara kuna jina la kampuni ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika ofisini kwake.

Barua ilirudishwa. Hakukuwa na dharau. Ndivyo ofisi zinavyofanya kazi. Wakaenda ofisi ya pili siku hiyo hiyo, ya tatu wiki iliyofuata, wakarudi kwa mkurugenzi, ambaye kwa haki kabisa aliwaambia hawamo kwenye orodha yake ya watumishi. Walipojaribu chama cha wafanyakazi waliambiwa hawajawahi kukatwa ada. Wenzao wa serikali pale kituoni wengi walikuwa wanachama wa vyama vya TUGHE au TALGWU. Wao hakuna aliyewafuata kuwaandikisha, na wao pia hawakuwahi kuuliza.

Wiki tano ziliishia kwenye hiyo "kupitia kwa". Niliposoma mikataba yao kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: mwajiri ni wakala wa ajira. Nikahesabu siku tangu tarehe ya barua. Zilikuwa 36.

Picha ya foleni

Kabla sijafika, jambo jingine lilikuwa limeharibika. Siku moja ya mnada mmoja wao alipita kituoni, akakuta foleni ya CTC imezunguka mwarobaini hadi kwenye ukuta wa choo. Uchungu ulimshika. Akapiga picha kwa nyuma, nyuso zisionekane, akaituma kwenye kundi la wadau wa afya wa wilaya na maneno: "Haya ndiyo matokeo."

Nyuso kweli hazikuonekana, ila kitenge kilionekana, na mtoto mgongoni mwenye kofia ya sufu ya rangi mbili alionekana vizuri zaidi. Jioni ile wifi wa yule mama alimtambua.

Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na maadili ya uuguzi yanailinda kabla ya sheria yoyote. Mwenyekiti wa konga ya wilaya, yaani umoja wa watu wanaoishi na VVU, alimpigia Sista M. simu na hakupaza sauti: "Mmetutoa nje bila kutuuliza." Aliyepiga picha alikwenda na mama mmoja mtu mzima kuomba radhi. Radhi ilipokelewa. Yule mteja alihamia kliniki ya wilaya nyingine, nauli mara tatu.

Uharibifu huu wengi huuona mdogo kwa sababu ulipita bila kesi. Mimi nauona ndio uliokaribia kuizika kampeni. Konga ndiyo iliyokuwa na sauti ambayo diwani asingeweza kuipuuza, na ilichukua karibu mwezi mzima ikubali kukaa nao meza moja.

Walichoamua na kwa nini

Nilipoitwa kulikuwa na mapendekezo matatu mezani. La kwanza, kuwashawishi wauguzi wa serikali wagome au wafanye kazi kwa goigoi. Hili nililikataa papo hapo: sheria inaihesabu afya kuwa huduma muhimu ambayo mgomo ndani yake umekatazwa, na hao wa serikali wangepoteza ajira zao kwa ajili ya ajira za wengine. La pili, kwenda CMA hata kama tumechelewa. La tatu, kuendelea kudai wote 11 warudishwe.

CMA tulikwenda. Tisa walijaza fomu namba 1 ya kupeleka mgogoro, pamoja na fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda na maelezo ya sababu za kuchelewa. Sababu yetu ilikuwa dhaifu na nilijua. "Tulikuwa tunafuatilia Mtumba" ni kweli, lakini inaonyesha kwamba muda mlikuwa nao, mkautumia kwingine.

Ubishani mkubwa ulikuwa juu ya pendekezo la tatu. Vikao vilifanyika sebuleni kwa Sista M., jioni, chai ya rangi na mihogo, na kimoja kiliisha watu wakilia. Fedha za mradi hazikuwa zikirudi. Bajeti ya halmashauri ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai ilikuwa imeshapita hatua zake kubwa. Mlango uliobaki ulikuwa makusanyo ya kituo chenyewe, yanayosimamiwa na kamati ya usimamizi wa kituo ambayo ina wananchi ndani yake, na kwa idhini ya mkurugenzi kituo kingeweza kulipa watu wachache wa mkataba. Nilipokaa na mganga mfawidhi kupiga hesabu, tulipata nafasi nne.

Nani wanne kati ya 11? Kila aliyefungua mdomo alikuwa na sababu: mwenye watoto watatu, mjane, aliyetangulia kuajiriwa, anayejua kazi zaidi. Sista M. ndiye aliyekata shauri: tusipeleke majina, tupeleke vyumba. Tuiambie kamati kwamba vyumba vinne haviwezi kufungwa, tueleze kila kimoja kinafanya nini na kikifungwa nini kinatokea. Nani aingie, watapanga wao kwa usaili. Alijua, na aliwaambia, kwamba hata yeye anaweza kubaki nje.

Niliunga mkono. Nitasema baadaye kwa nini sasa nina shaka.

Ushahidi ulitoka kwa watu ambao hawakusaini barua hata moja. Wauguzi wa serikali walikataa kusimama hadharani, na sikuwalaumu. Mtumishi wa umma hapayuki ovyo. Lakini walianza kuandika kitabu cha ripoti ya zamu kwa ukamilifu ambao sijawahi kuuona kwenye kituo kingine. Mfano wa siku moja ya Aprili: "Wateja 74. Muuguzi 1. Kliniki imefungwa saa 1 usiku. Wateja 9 wameondoka bila kuchukuliwa damu ya wingi wa virusi." Wala hawakulalamika popote humo. Wiki sita za ripoti kama hizo zilisomwa mbele ya kamati na muuguzi mfawidhi mwenyewe, kwa sababu kitabu ni cha ofisi na kukisoma ni kazi yake. Mwenyekiti wa konga alizungumza baada yake, dakika chache tu. Diwani alikuwepo, na uchaguzi mkuu wa Oktoba ulikuwa unakaribia, jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Mei Mosi, Singida

Katikati ya haya, wawili walikwenda Singida kwenye sherehe za kitaifa za Mei Mosi. Ilikuwa gharama isiyo na hesabu, na sikuona faida yake, lakini walitaka kwenda. Walikaa juani wakimsikiliza Rais Samia akitangaza nyongeza ya asilimia 35.1 kwa kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mmoja wao aliniambia alipiga makofi na yeye, mpaka jirani yake alipomwuliza yuko idara gani.

Matokeo

Kamati ilikubali vyumba vyote vinne, na mkurugenzi akaidhinisha mikataba ya mwaka mmoja kuanzia Julai.

Kwenye usaili waliingia wawili kati ya wale 11. Nafasi mbili nyingine zilichukuliwa na vijana waliokuwa wakijitolea pale kituoni bila malipo kwa zaidi ya mwaka, wenye stashahada na alama nzuri. Sista M. hakupata. Baadaye aliajiriwa hospitali binafsi mjini. Wawili walipata ajira ya serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, mikoa ya mbali. Mmoja anafanya kazi duka la dawa muhimu. Wengine bado wanatafuta.

Kule CMA, kabla ombi la kuongezewa muda halijatolewa uamuzi, wakala alikubali kuwalipa wale tisa mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, pamoja na likizo walizokuwa wanadai. Miezi iliyokuwa imebaki kwenye mikataba hadi Septemba haikulipwa.

Yule mama wa Kigogo alishindwa hatua ya kwanza kabisa: tangazo lilitaka stashahada. Chumba chake kilipata kijana mwadilifu, mchapakazi, asiyejua neno la Kigogo. Wiki ya pili alimwita mlinzi wa getini aje amtafsirie bibi mmoja, kwenye ushauri nasaha wa VVU. Konga ikaja juu, na sasa anayetafsiri ni mmoja wa WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU waliofunzwa kutunza siri. Chumba kimeokolewa.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi lilifanyika miaka mitano kabla ya barua, siku waliposaini mikataba bila kuusoma mstari wa mwajiri. Hili si suala la elimu. Wote walikuwa wasomi wa fani yao. Mfumo wa miradi humpa mfanyakazi mabosi wanne, na kila bosi akiulizwa huonyesha kwa kidole bosi mwingine. Anayemjua mwajiri wake anajua pia njia yake. Muuguzi wa halmashauri aliyefukuzwa hana ruhusa ya kukimbilia CMA. Hupitia kwanza ngazi za rufaa za Sheria ya Utumishi wa Umma. Muuguzi wa wakala huenda CMA moja kwa moja, ndani ya siku 30. Wale 11 walitembea njia ya kwanza wakati haki yao ilikuwa kwenye ya pili.

Tungewahi, sina uhakika kwamba wangerudishwa kazini. Fedha hazikuwepo, na USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Lakini mazungumzo na wakala yangekuwa mengine kabisa. Anayekuja CMA siku ya ishirini na ombi halali juu ya kifungu cha 38 hapewi mwezi mmoja na likizo akaambiwa ashukuru.

Kilichofanya kazi vizuri ni kitabu cha ripoti, na kilifanya kazi kwa sababu hakikuanzishwa kwa ajili ya kampeni. Kingekuwa fomu yetu wenyewe, kamati ingeuliza nani kaijaza. Wauguzi wa serikali wangeanza kuandika hivyo Februari, tungekuwa na miezi mitatu ya ushahidi badala ya wiki sita.

Konga ilipaswa kuwa ya kwanza kuitwa. Tuliwakuta wakiwa tayari wamejeruhiwa na picha yetu, tukawaomba msaada huku wakituvumilia.

Sasa lile la vyumba. Kimkakati lilikuwa sahihi: kamati isingekaa kuamua nani mjane na nani ana watoto watatu. Na kwa wale vijana wawili waliojitolea bure, haki ilitendeka, ingawa haikuwa haki tuliyokuwa tunaidai. Ila tulipoandika maelezo ya chumba cha ushauri nasaha tuliandika "muuguzi mmoja". Hatukuandika "anayezungumza Kigogo", kwa sababu tulikuwa tunaogopa kuonekana tunamtengenezea mtu wetu nafasi. Tuliogopa upendeleo mpaka tukaitoa sifa ambayo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Sentensi ile niliikagua mimi.

Wanne walioajiriwa wamejiunga na chama na ada inakatwa. Mikataba yao inaisha tarehe 30 Juni 2026. Sista M., ambaye hafanyi kazi pale tena, amewasaidia kuandaa mapema barua ya kuomba iongezwe. Nimeiona. Inakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji, na chini ya anwani pameandikwa "Kupitia kwa: Mganga Mfawidhi", kwa kalamu, kwa mwandiko wake.